Uhura, Kidude cha Chumvi na Swali la Mama

Najua nimewatupa. Wiki tatu hamjaona hata mstari kutoka kwangu, na nasikia wengine mlishaanza kusema nimedisko, nimerudi Muheza kuuza machungwa. Hapana jamani, nipo. Mitihani imeisha Ijumaa, bumu bado halijaingia, na mtu asiye na hela wala kipindi cha kesho asubuhi ana kazi moja tu duniani: kulala chali na kuangalia chochote kilichomo kwenye laptopu ya mwenzake.

Sasa kilichomo kwenye laptopu ya mwenzangu wa kitanda cha juu ni Star Trek. (Huyu tunamwita Mwanasheria, kwa sababu anasoma sheria na kwa sababu tangu tuhamie chumba hiki hajawahi kukubali kushindwa ubishi.) Siyo hizi Star Trek mpya zenye moto na milipuko. Ile ya kwanza kabisa, iliyorushwa Marekani na kituo cha NBC kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 mpaka tarehe 3 Juni 1969. Misimu mitatu, sehemu 79. Tulianza Ijumaa usiku watu watatu kwenye kitanda kimoja, na karanga za mia tano, kwa nia moja tu ya kuicheka.

Tumeicheka. Mbavu sina. Lakini kuna mahali kicheko kilinikaba kooni, na tangu hapo nina jambo nataka kulisema, kwa hiyo vumilieni. Leo ni ndefu.

Kwa ambao hamjaiona: ni karne ya 23. Kuna chombo cha angani kinaitwa Enterprise. Nahodha wake ni Kirk, ameigizwa na William Shatner, mwanaume anayekata sentensi. Vipande. Vipande. Kama anatafuta chenji mfukoni. Msaidizi wake ni Spock, ameigizwa na Leonard Nimoy, ana masikio yaliyochongoka na anasema hana hisia, ila ukimwangalia vizuri ndiye mwenye hisia kuliko wote. Daktari ni McCoy, mzee wa kulalamika. Kila wiki wanafika sayari mpya, kila wiki sayari inataka kuwaua, na ajabu ni kwamba shati la Kirk nalo lina ahadi yake ya kuchanika.

Tuanze na kutikisika. Chombo kikipigwa na adui, mpiga picha anainamisha kamera, na waigizaji wote wanajirusha upande mmoja. Halafu kamera inageukia upande wa pili, nao wanajirusha kule. Ukitazama kwa makini kuna wakati unaona mmoja kachelewa, wenzake wameshaanguka yeye ndo anaanza. Hawa ni watu wanaosafiri haraka kuliko mwanga, lakini katika karne zote hizo hakuna mhandisi hata mmoja aliyewaza mkanda wa kiti. Mwanasheria alisema: "Hata daladala ya Mbagala ina bomba la kushika." Hoja imekubaliwa.

Halafu kuna wanyama wa sayari nyingine. Kwenye sehemu moja ya mwaka 1966 kiumbe cha ajabu kutoka sayari ya mbali ni mbwa. Mbwa kabisa, mdogo, kavalishwa manyoya na kubandikwa pembe kwenye paji la uso, na ana sura ya mtu aliyelazimishwa kuvaa sare ya harusi asiyoichangia. Kwenye nyingine ya 1967, inaitwa The Devil in the Dark, kuna jini la mawe linaloua wachimba madini, na jini lenyewe linatembea kama zulia ambalo chini yake kuna mtu anatambaa. Nimesoma baadaye: kweli chini yake kulikuwa na mtu anatambaa. Alikuwa anaitwa Janos Prohaska na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuvaa manyama. Jamani kazi zipo, tusikate tamaa baada ya mahafali.

Lakini mfalme wa wote ni Gorn, wa sehemu ya Arena, Januari 1967. Gorn ni mjusi mkubwa wa mpira, amevaa kigauni, macho yanang'aa kama ya nzi, na anapigana na Kirk kwa mwendo wa mtu aliyetoka kula ubwabwa wa harusi sahani mbili. Kila ngumi inatangazwa dakika nzima kabla. Kirk naye anamkimbia kwa kasi ya kumsubiri. Mwishoni Kirk anatengeneza mzinga kwa mwanzi, makaa na kiberiti, anajaza almasi ndani, anamlipua. Tulirudia pambano lile mara nne, mpaka jirani akagonga ukuta.

Na msisahau watu wa mashati mekundu. Wakishuka sayarini Kirk, Spock, McCoy na kijana mmoja mwenye shati jekundu ambaye hujawahi kumwona, wewe anza kuchanga rambirambi.

Nikaanza kutafuta kwa nini vitu viko hivi, na jibu la karibu kila kitu ni hela. Ile mashine ya kuyeyusha watu na kuwatokeza sayarini, ambayo dunia nzima inaijua, ilibuniwa kwa sababu kuonyesha chombo kinatua kila wiki kungekula bajeti. Zile sayari zinazofanana na Roma ya zamani, na Ujerumani ya Wanazi, na Chicago ya majambazi wa miaka ya 1920? Nguo na majengo ya hivyo yalikuwepo studio, kwa nini uchonge mapya. Na vile vifaa vya McCoy vya kupasulia, vya kumetameta? Ni vidude vya kumwagia chumvi mezani! Vilinunuliwa viwe vya chumvi kweli kwenye sehemu inayoitwa The Man Trap, wakaona vina sura ya ajabu mno, mtazamaji hatajua ni chumvi, basi vikapewa daktari. Kwa hiyo mnapoona mgonjwa wa karne ya 23 anapona, ameponywa na kidude cha chumvi. Mimi niliyeishi nusu muhula kwa jiko la kuazima na sufuria inayotumika pia kama ndoo, nawaelewa kabisa watu hawa.

Msimu wa tatu ndo usiseme. Ungekuwa haupo, ila mwaka 1968 watazamaji waliandika barua nyingi sana NBC wasiifute. Wakaiacha, lakini wakaitupa Ijumaa saa nne usiku, saa ambayo vijana hawapo nyumbani. Na msimu ukafunguliwa na Spock's Brain. Jina linajieleza: wanawake wa sayari nyingine wanaiba ubongo wa Spock. Wanauchukua, wanaondoka nao. Na McCoy anamtembeza Spock bila ubongo kwa rimoti, tiki tiki tiki, kama gari la mtoto. Mwanasheria alitoka nje kwenda kupumua.

Hapo kuna jambo moja la sare. Wanawake wa Enterprise wanavaa gauni fupi, fupi kweli, kazini, mbele ya Gorn. Nikakumbuka tulichosoma kwenye historia: Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana ni marufuku Dar es Salaam. Yaani wakati ule ule msimu wa tatu unarushwa kule, huku kwetu afisa huyo wa chombo cha angani angeshuka Kariakoo angekamatwa kabla hajauliza njia. Bahati nzuri bara hatukuwa na televisheni mpaka miaka ya 1990, kwa hiyo vijana wa TANU hawakupata presha.

Na huyo afisa ndiye niliyetaka kumfikia.

Anaitwa Luteni Uhura, ameigizwa na Nichelle Nichols, mwanamke Mweusi wa Marekani. Ni afisa mawasiliano. Anakaa nyuma ya Kirk, mbele ya meza ya swichi, na kidude sikioni ambacho mwaka 1966 kilikuwa maajabu na leo kila konda anacho.

Sasa turudi kwenye ile The Man Trap. Ndiyo sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, usiku wa tarehe 8 Septemba 1966. Kuna kiumbe kinachokula chumvi ya mwilini mwa watu (ndo maana vidude vya chumvi), na kina uwezo wa kujigeuza kuwa mtu ambaye wewe unamuwaza. Kinamkuta Uhura peke yake kwenye korido. Kinajigeuza kuwa kijana Mweusi, mtanashati, anatabasamu. Na anamsemesha Kiswahili.

Naye anajibu Kiswahili.

Tukarudisha nyuma. Tukarudisha tena. Lafudhi, Mungu wangu! Maneno yanapita kama mtu anayetembea pekupeku juu ya kokoto. Inabidi usikilize mara tatu ndo ushike. Tukapiga kelele, tukagongana viganja, mimi nikacheka mpaka machozi, nikawa nawaiga. Ndipo yule wa tatu wetu, anayesoma Kiswahili na fasihi na ambaye kwa kawaida huongea mara moja kwa saa, akauliza taratibu: "Mnacheka nini hasa? Lafudhi, au Kiswahili kuwa pale?"

Nikanyamaza. Kwa sababu mimi nafsini mwangu nilikuwa nacheka cha pili.

Ngoja niwaambie kitu ambacho hata chumbani nilikuwa sijawaambia. Nilipoingia kidato cha kwanza, shuleni kwetu kulikuwa na kibao. Kibao cha mbao, kimefungwa kamba ya katani, na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mimi ni mjinga, nimesema Kiswahili". Ukikamatwa unakivaa shingoni mpaka umkamate mwingine. Atakayekuwa nacho jioni anaosha vyoo. Mimi nilikivaa wiki ya pili. Kosa langu nilikimbia bwenini nikasema: "Jamani, maji yamekatika!" Ilikuwa taarifa muhimu sana, lakini Kiingereza chake sikuwa nacho. Nikaosha vyoo bila maji. Hebu fikirieni hiyo.

Kile kibao kilinifundisha kitu, tena vizuri kuliko Kiingereza. Kilinifundisha kwamba kuna mambo ya maana na kuna Kiswahili, na havikai chumba kimoja. Hesabu, Kiingereza. Fizikia, Kiingereza. Kiswahili ni cha kununua vitumbua. Kwa hiyo nilipokisikia kwenye korido ya chombo cha angani, mwili mzima ulicheka kama umemwona mbuzi kanisani. Tofauti yangu na wale Wamarekani wa mwaka 1966 ni kwamba wao walilipa waigizaji wakiseme, na mimi niliosha vyoo.

Nikaenda kulitafuta lile jina. Kwa maelezo ya Nichols mwenyewe, siku ya majaribio alikuwa ameshika riwaya ya Robert Ruark, Uhuru, ya mwaka 1962, inayohusu Kenya. Neno likampendeza Gene Roddenberry, muasisi wa tamthilia hii, na katika mazungumzo wakalilainisha mwishoni, u ikawa a, lipate kuwa jina la mwanamke. Hapo yule wa fasihi alishika kichwa. Tangu lini Kiswahili kina jike na dume mwishoni mwa neno? Ingekuwa hivyo dume la paka lingeitwa paku. Lakini sawa, tumewasamehe. Kitabu cha mwaka 1968 kuhusu utengenezaji wa tamthilia hii kinasema Uhura ni raia wa Muungano wa Nchi za Afrika. Muungano mzima! Sisi bado tunahangaika na foleni ya malori mpakani. Na jina lake la kwanza, Nyota, lilitoka kwenye kitabu cha mwaka 1982, na kwenye skrini tukalisikia mwaka 2009. Nyota Uhura. Ukimwambia bibi yangu hilo jina hahitaji mkalimani.

Kuna sehemu nyingine, The Changeling, ya Septemba 1967. Mashine fulani inamfuta Uhura kumbukumbu zote. Inabidi afundishwe kusoma upya kama mtoto wa chekechea, mbwa ana mpira, mbwa anakimbia. Na akikwama kwenye Kiingereza, kinachomtoka ni Kiswahili. Wamemfuta kila kitu lakini hicho kimebaki. Niliitazama sehemu hiyo peke yangu, wenzangu wamelala, na sikucheka hata kidogo.

Mwanasheria hakukubali, bila shaka. Hoja yake ni hii, naileta kama ilivyo: "Dada, acha kujidanganya. Huyo Uhura ni mpokea simu. Sehemu nzima anasema 'njia za mawasiliano ziko wazi' halafu anageuza kiti. Kiswahili chenyewe ni pambo, kama pembe ya yule mbwa. Hao hawakuwa na habari na wewe."

Ni hoja nzito na siikatai yote. Mistari ya Uhura ni michache kweli, na Nichols mwenyewe alichoka. Baada ya msimu wa kwanza aliamua kuacha arudi kwenye muziki na jukwaa. Kama alivyosimulia mara nyingi, wikiendi ile ile alikutana kwenye hafla na Martin Luther King, ambaye alimwambia yeye na familia yake ni watazamaji wake, na kwamba hawezi kuacha, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu Weusi wanaonekana pale kama watu wa kawaida wenye kazi na akili zao. Akabaki. Na siyo kila wiki alikuwa anageuza kiti tu. Kuna sehemu ya 1967, Who Mourns for Adonais?, ambapo yuko na waya mkononi anatengeneza mitambo, na Spock, asiyemsifia mtu bure, anamwambia hamwoni mwingine anayefaa zaidi kuifanya kazi hiyo. Mimi nasoma uhandisi wa mawasiliano, mwaka wa tatu. Darasa letu wasichana tunahesabika kwa vidole na vinabaki. Nilisimamisha picha hapo nikaenda kunywa maji.

Kuhusu "hawakuwa na habari na wewe": mwaka 1977 NASA ilimpa Nichols kazi ya kuhamasisha wanawake na watu Weusi waombe kuwa wanaanga. Kundi lililochaguliwa Januari 1978 lilikuwa la watu 35, na ndani yake kulikuwa na wanawake sita na Waamerika Weusi watatu. Kabla ya hapo Marekani haikuwa imewahi kumrusha hata mmoja wao. Mae Jemison, mtoto wa Chicago aliyekua akimwangalia Uhura, alipanda angani Septemba 1992, mwanamke wa kwanza Mweusi kufika huko, na alikuwa akianza zamu zake kwa ile sentensi ya Uhura ya njia ziko wazi. Ile ile ya mpokea simu.

Na kama mnataka neno lenyewe siyo mwigizaji, twendeni Malindi. Baharini karibu na Malindi kulikuwa na jukwaa la Waitaliano la kurushia roketi, San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa hapo setilaiti ya NASA, ya kwanza kabisa duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kutafuta miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kwa heshima ya siku hiyo na nchi hiyo wakaiita Uhuru. Kwa u mwishoni, sarufi safi. Ilifanya kazi mpaka mwaka 1973, na orodha yake ya nne ina vyanzo 339 vya miale hiyo. Mpaka leo wanaastronomia wanaviita kwa namba zinazoanza na 4U, na hiyo U ni Uhuru. Yaani kuna profesa Ulaya saa hizi anaandika herufi moja ya Kiswahili kwenye ubao na hajavalishwa kibao.

Mwanasheria kusikia hivyo akasema "nakata rufaa" akalala.

Sasa mimi sikulala. Kwa sababu kulikuwa na jambo lingine, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Mama yangu anauza machungwa Muheza. Ndiyo yaliyonisomesha, gunia kwa gunia, yanapakiwa kwenye basi asubuhi, yanashuka Dar jioni. Tangu mwaka wa kwanza mama huniuliza swali moja kwenye simu: "Hivi mwanangu, unasoma nini hasa huko?" Na mimi tangu mwaka wa kwanza hujibu: "Aah mama, mambo ya simu." Basi. Najua anachowaambia majirani: binti yangu yuko chuo kikuu, anasoma mambo ya simu. Wanadhani nitafungua kibanda cha kuuza vocha. Nilijiambia hataelewa. Ukweli ni kwamba sikuwahi kujaribu, kwa sababu yale mambo yote yamo kichwani mwangu kwa Kiingereza, na Kiswahili nilikiacha nje ya mlango na kamba yake ya katani.

Jumapili nikapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Umekula?"

"Nimekula. Mama, leo nataka nikwambie ninachosoma."

Kimya kidogo. "Haya, niambie."

Nikaanza, jasho linanitoka kuliko kwenye mtihani wa mdomo. Nikamwambia: mama, sauti yangu haina nguvu ya kufika Muheza. Ina miguu mifupi. Kwa hiyo tunalo wimbi jingine, halionekani, lenye uwezo wa kwenda mbali. Tunachofanya ni kuipakia sauti juu ya lile wimbi, wimbi linasafiri nayo, likifika huko sauti inashushwa, unanisikia. Hicho tu. Darasani tunakiita moduleshini, na kimenitesa muhula mzima.

Mama akasema, "Kumbe kama machungwa."

"Enhe?"

"Machungwa hayana miguu. Unapakia basi, basi linakwenda, Dar wanashusha. Basi siyo machungwa."

Nikakaa kitako. Nikaendelea: na kila wimbi lina masafa yake, ndo maana sauti za watu hazigongani. Akasema kama mabasi kila moja na njia yake. Nikasema siku hizi sauti inakatwakatwa vipande, kila kipande kinapita kivyake, vinaunganishwa mwishoni. Akafikiri. "Na vikichanganyika na vya mwingine?" Nikasema kila kipande kinaandikwa kinakokwenda. Akacheka: "Ndo maana sisi tunaandika jina kwenye gunia."

Wadau, hilo la jina kwenye gunia lilinichukua mimi vipindi viwili na sura nzima ya kitabu.

Halafu akasema kwa sauti ya chini: "Sasa mbona miaka yote mitatu ulikuwa unaniambia mambo ya simu tu?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia salio linaisha. Halikuwa linaisha.

Kwa hiyo msimamo wangu ndo huu. Tuicheke Star Trek, inastahili, mimi mwenyewe Gorn namrudia kesho. Lakini wale watu walikuwa na vidude vya chumvi, zulia na mbwa mwenye pembe, na hawakungoja wapate hela ndipo waonyeshe karne ya 23. Walikaa katikati ya mbao zile wakaigiza kama kweli, bila kucheka. Sisi tunasema Kiswahili hakijawa tayari kwa sayansi, hakina istilahi, tungoje kamusi. Siyo kwamba Kiingereza kiondoke, madesa yote ni ya Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, sijarukwa na akili. Nasema mhandisi asiyeweza kumweleza kazi yake mtu aliyemlipia ada ana kasoro kwenye uhandisi wake, siyo kwenye lugha ya mama yake. Mimi ninayo hiyo kasoro. Nimeanza kuitibu Jumapili, kwa machungwa.

Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022, akiwa na miaka 89. Tarehe 8 Januari 2024 sehemu ya majivu yake ilirushwa kwa roketi, pamoja na ya Roddenberry na masalia ya DeForest Kelley, daktari wetu wa kidude cha chumvi, na sasa yanazunguka jua. Kwa hiyo Uhura yuko huko kweli, na safari hii siyo kwa mbao za studio.

Kazi ya nyumbani kwenu: wiki hii mpigie aliyekusomesha umweleze kozi yako kwa Kiswahili, dakika tano, bila kukimbilia "mambo ya" fulani. Halafu njooni mniambie mlikwama wapi. Wa biashara, wa madawa, wa jiolojia, wote. Mwanasheria ameshasema yeye atajaribu kwa bibi yake, na bibi yake ana ubishi kuliko yeye, kwa hiyo hiyo simu nitaisikiliza live kutoka kitanda cha chini.

Bumu likiingia nitawajulisha. Nawasilisha.